Shajara ya mradi: bata hewani, sio makalio yao

Jumapili, 3 Novemba 2024

Naanza kuandika leo ili baadae nisije nikajidanganya mwenyewe. Mradi ni huu: picha kumi na mbili za ndege wa maji wakiwa kwenye mwendo, zitoke kalenda ya 2026, zote za Ziwa Victoria na pembezoni mwake upande huu wetu wa Mwanza. Hakuna kukimbilia Serengeti wala Manyara. Ndege aliyesimama kwenye jiwe anaota jua hahesabiki hata awe mzuri vipi, lazima awe anaruka, anatua, anazamia, anakimbia juu ya maji, wanagombana, chochote ila sio kutulia. Alafu jicho lionekane. Hilo la jicho nimejiwekea mwenyewe na nahisi ndo litakalonitesa.

Kazi inayonilisha ni harusi, sendofu, kipaimara na mahafali. Bibi harusi ukimwambia dada geuka kidogo kwenye mwanga anageuka, ukimwambia rudia kucheka anarudia. Bata hana hiyo.

Vifaa: Canon 7D Mark II ya mtumba na lenzi ya Canon ya 400mm f/5.6, ile ya zamani ambayo haina kitu chochote cha kutuliza mkono, ila nyepesi, kilo moja na robo hivi, unaweza kuishika mkononi asubuhi nzima bila kulia. Sensa ya 7D, kile kibao kinachonasa picha, ni ndogo kwahiyo 400 inaona kama 640. Inapiga fremu 10 kwa sekunde, ukibonyeza inalia kama cherehani ya fundi siku ya mkesha wa Idi.

Zilizokubalika: 0 kati ya 12.

Jumapili, 10 Novemba

Jioni tatu wiki hii upande wa Luchelele. Nafika saa kumi na moja, mwanga mzuri wa dhahabu, bata wapo kwenye kile kighuba chenye matete, wale wenye uso mweupe wanaopiga mluzi. Nawaita wapiga mluzi maana ndo wanachofanya, mluzi wa sauti tatu, kama mtu anaita mwenzake ng'ambo ya barabara. Wakaruka vizuri kabisa. Nimepiga 340.

Nimefika home nikaweka kadi kwenye kompyuta. Makalio. Yaani kila fremu ni makalio ya bata yanaelekea ziwani, na nyuma yake jua, kwahiyo ni makalio meusi.

Jumapili, 24 Novemba

Bado makalio. Nimeyafungulia folda lake kabisa, linaitwa MAKALIO, lina picha 1,180. Mke wangu kaliona kwenye kompyuta kabla sijaeleza, ikabidi nilifungue mbele yake.

Nilidhani tatizo ni spidi ya shata. Nilianza na 1/500, yaani sehemu moja ya mia tano ya sekunde, kwa sababu kwenye harusi 1/500 ni spidi ya kutupwa, hata mtu akirusha shada la maua linaganda. Nikakaa na kalamu. Bata akienda mita 15 kwa sekunde, ndani ya 1/500 anakuwa kasogea sentimita 3, na hapo ni mwili tu, ncha ya bawa inakwenda kasi zaidi. Ukipanda 1/2000 anasogea milimita saba na nusu. Ndo maana zangu zote zilikuwa na ule ukungu kwenye manyoya nikawa nasingizia lenzi. Sasa nimehamia 1/2000 na kweli manyoya yanahesabika. Makalio yenye manyoya yanayohesabika.

Nikabadilisha na mengine. Fokasi nimeihamishia kwenye kitufe cha nyuma kwa kidole gumba, kidole cha shahada kibaki na shata tu. Kile kiswichi cha pembeni ya lenzi nimekiweka kianzie mita 8.5 kwenda mbele ili lenzi isirudi kutafuta vitu vya karibu ambavyo havipo, maana ikishapotea inasafiri mpaka huku karibu na ikirudi bata kashafika Ukerewe. Alafu kuna menyu ya kuiambia otofokasi isiwe na papara, yaani likipita tete mbele isirukie tete. Vyote vimesaidia, ila kwenye hesabu bado ni sifuri. Nilikuwa karibu kuanza kuulizia bei ya lenzi nyingine.

Jumapili, 1 Desemba

Leo niandike kirefu.

Pale kwenye kighuba kuna mzee mmoja ana mtumbwi, anavua dagaa usiku, mchana anashona nyavu. Ananiona wiki ya nne hii. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia, akaniuliza kijana wewe unapima viwanja? Nikamwambia hapana mzee napiga picha bata. Akaomba kuona. Nikamuonesha kwenye kioo cha kamera, akatazama tatu nne, akasema mbona wote wamekupa mgongo.

Nikaanza kumueleza habari za shata na fokasi. Akanikatisha. Akaokota jani kavu, akalirusha juu, likarudi kwetu nchi kavu. Akasema saa hizi upepo unatoka wapi? Ziwani. Bata anaruka kuelekea wapi? Nikanyamaza. Akasema bata hata siku moja haruki kwa kuufuata upepo, anaupa uso kwanza, hata sisi zamani na matanga tulikuwa hatushindani nao tu hivihivi. Jioni upepo unatoka ziwani unakuja nchi kavu, umesimama nchi kavu, basi atakupa mkia mpaka kiama. Njoo alfajiri, usiku nchi inapoa, upepo unageuka unatoka huku vilimani unakwenda ziwani.

Wiki nne mi nacheza na menyu.

Na sio upepo tu. Ufukwe wetu huu unatazama magharibi, ghuba lote lipo magharibi yetu, kwahiyo jioni jua lipo usoni kwangu na asubuhi lipo mgongoni. Ukiweka pamoja unapata kwamba asubuhi upepo mgongoni na jua mgongoni, bata anaruka kuja kwangu na mwanga umempiga kifuani. Jioni kila kitu kinyume. Nilikuwa nimechagua saa mbaya kuliko zote kwa sababu tu ndo saa ninayotoka kazini.

Jumapili, 8 Desemba

Kuamka saa kumi alfajiri. Bodaboda kagoma kuingia ile njia ya mawe, nikatembea. Jua linatoka saa kumi na mbili na nusu hivi lakini huku nyuma kuna vilima na yale mawe yetu yaliyobebana, mwanga unafika kwenye maji kwa kuchelewa, dakika kumi na kitu. Hizo dakika unakaa tu na mbu.

Alafu ikawa. Yangeyange saba wametoka kwenye matete, wakaja. Wakaja! Uso kwa uso. Nimebonyeza mpaka kamera ikagoma, maana ukipiga RAW, yale mafaili ghafi mazito, fremu thelathini na kidogo inajaa tumbo inaanza kupumua, na bahati yako mbaya tukio zuri linakuja wakati inapumua.

Home: yangeyange karibu wote wameungua. Weupe kama karatasi, hamna unyoya hata mmoja. Kamera iliona matete meusi nyuma ikadhani kuna giza ikaongeza mwanga. Kwenye harusi nalijua hili vizuri kabisa, gauni jeupe kwenye ukumbi wenye mapazia meusi, sijui kwanini nilidhani ndege ni tofauti na gauni.

Kuanzia sasa ni manual, mwanga naupanga mwenyewe. Nafika, natafuta kitu cheupe, kama hakuna yangeyange basi hata mfuko wa unga ulioachwa ufukweni, napima mpaka ile sehemu inayowaka-waka kwenye kioo inakoma, nafunga hapo. Ndege akipita kwenye matete, akipita kwenye anga, akipita kwenye maji, mwanga unaomuangukia ni uleule, kwahiyo sigusi. Ninachogusa ni ISO tu, yaani wepesi wa kamera kuupokea mwanga, jinsi jua linavyopanda. Kwa 1/2000 na f/5.6 asubuhi mapema kabisa nipo 3200 na noizi inaonekana, nusu saa baada ya jua kutoka ni 1000 hivi, saa mbili na nusu nimeshuka 250 na hapo mwanga umeshakuwa mkali, vivuli chini ya bawa vimekuwa shimo, nafunga begi.

Imekubalika moja, yangeyange wa mwisho ambaye alikuwa kivulini. 1 kati ya 12.

Jumatatu, 30 Desemba

Desemba ni harusi. Kumi na moja mwezi huu, sijaona maji isipokuwa ya chupa. Nimelipa ada ya mtoto. Mradi umelala.

Jumapili, 5 Januari 2025

Mdiria. Yule wa madoa meusi na meupe, kila mtu aliyekulia huku anamjua, anasimama hewani kama kapachikwa msumari alafu anadondoka. Dume ana mikanda miwili myeusi kifuani, jike mmoja na umekatika katikati. Huyu niliyemfuata leo ni jike.

Kitu ambacho sikuwahi kukiona mpaka nilipomtazama kwenye lenzi ni kichwa. Mwili unatikisika, mkia unafunguka unafunga, mabawa huyaoni, lakini kichwa hakisogei hata kidogo, kipo palepale kana kwamba kuna mkono wa mtu umekishika. Na ili asimame hewani lazima aukabili upepo, kwahiyo asubuhi ananiangalia mimi. Nilijikuta nacheka peke yangu.

Kusimama kwake ni rahisi kupiga, 1/3200 na kidole kitulie. Kuzamia ndo kazi. Anakunja mabawa na hayupo. Ukimfuata kwa kamera umechelewa, mkono wa binadamu hauna hiyo kasi. Nilichofanya ni kugeuza kamera wima, namuweka juu kabisa ya fremu, chini yake naacha nafasi tupu, akianza kudondoka nabonyeza bila kusogea. Nimepiga 412. Za kuangalia mara mbili ni tatu. Moja kakaribia kugusa maji, mdomo kama sindano, kivuli chake kinapanda kumpokea, kila kitu kipo sawa, ila jicho ni jeupe kama la kipofu. Nikadhani ni mwanga. Baadae nikaelewa ana kope la tatu analolifunga akiingia majini, kama miwani ya kuogelea.

Sasa kanuni ya jicho inasemaje? Jicho lipo, limefungwa. Nimeijadili na nafsi yangu kwa muda mrefu. Nimeikubali. 2 kati ya 12.

Yule mzee kaja kukaa na mimi kidogo leo. Anasema akiwa kijana huyu ndege alikuwa anatoka na furu karibu kila anapozamia, sangara alipokuja kutawala furu wakaisha na mdiria akahamia kwenye dagaa kama sisi tu. Nilimuona mwenyewe leo akimeza dagaa hewani bila kurudi kwenye mti. Akipata kikubwa ndo anarudi tawini anakipiga-piga kwanza, pah pah, kama mama anayekung'uta chandarua.

Jumapili, 19 Januari

Picha zangu zina kasoro moja, zote nimepiga nikiwa nimesimama, ndege anaonekana kwa juu kama namuangalia kutoka ghorofani. Ukishuka kamera ikawa sawa na maji, nyuma yake panayeyuka, anakuwa mfalme. Wazungu wanalala kwenye maji na suti za mpira. Nikasema na mimi nilale.

Nikakumbuka kichocho.

Aliyesoma shule ya msingi huku ziwani anajua ninachosema. Walikuja na ule mti wenye alama, unasimamishwa unapimwa urefu, wewe vidonge vitatu, wewe vinne, vikubwa vyenye harufu, unakula kwanza ndo unameza ukiwa kwenye mstari na mwalimu anakuangalia koo. Wale konokono wanaobeba kichocho wanapenda hapohapo ninapotaka kulala mimi, maji ya kina kifupi, yametulia, yana majani. Na ukitoa damu chooni kwa ajili ya kalenda utamueleza nini mkeo. Hapana. Ziwani silali.

Nimehamia kwenye majaruba upande wa Misungwi. Mpunga umeshaota kitaluni, majaruba mengine yamejaa maji yanasubiri kupandwa, na juu ya tuta pakavu mtu unalala vizuri tu, tuta lenyewe linakupa usawa wa maji. Nimeshona mfuko kwa suruali ya zamani ya jinzi, mguu mmoja, nimejaza pumba za mpunga, lenzi inalalia hapo. Maharage yangekuwa mazito zaidi na yangetulia zaidi ila maharage bei yake unaijua.

Mwenye jaruba alikuja, mama mtu mzima, jembe begani. Mwangaluka mama. Akaitikia akacheka, nadhani kwa Kisukuma changu cha kuungaunga. Akauliza nimelala nimeumwa? Nikamueleza. Akasema kama nataka bata nije usiku, ndo wanakuja kula mbegu, mchana wamelala ziwani huko wameshiba jasho lake, na nikishawapiga hizo picha niwapige na mawe. Nikamwambia nitajitahidi.

Mchana palikuwa na wachache walioamua kubaki. Hapa nikajifunza kitu cha maana, kwamba bata anaaga. Yaani hakuna bata anayeruka ghafla kama hajashtuliwa. Kwanza anaacha kula. Shingo inanyooka. Kichwa kinaanza kutikisika, kidogo, kama mtu anayekataa kitu kwa heshima. Mluzi unabadilika unakuwa wa harakaharaka, wenzake wanaitikia, wote wanageuka kuelekea upepo, na hapo una kama sekunde mbili tatu. Zamani nilikuwa nabonyeza nikiona mabawa. Ukiona mabawa umeshachelewa. Sasa nabonyeza nikiona kichwa kinakataa.

Nikampata mmoja anachomoka majini, anaruka wimawima, maji bado yamemshika miguu kama nyuzi. 3 kati ya 12. Shati lote tope, simu nayo.

Jumapili, 2 Februari

Mjini leo, nimekaa nikiutazama mwamba wa Bismarck pale karibu na feri ya Kamanga, wanandi, wale ndege wanaozamia samaki, wamekaa na mabawa wazi wanakausha. Hao waliokaa sihesabu. Nawataka wanaondoka. Mnandi ni kinyume cha bata, manyoya yake yanalowa, ni mzito, hawezi kuchomoka wima. Akiwa majini lazima apige mbio, miguu yote inasukuma maji pamoja, pa pa pa pa pa, mita na mita, ndo anyanyuke. Kwa mpiga picha hiyo ni zawadi maana unamuona anajiandaa kama daladala inayopanda mlima.

Nimechoka kugandisha kila kitu, ukigandisha sana ndege anafanana na sanamu la plastiki. Leo nimefanya kinyume, nimeshuka 1/80, ISO chini kabisa, namfuata mnandi anayepita karibu na maji, mwili wangu unageuka kuanzia kiunoni, viwiko vimebana mbavu, na sikomi kugeuka hata nikishamaliza kupiga. Kichwa kikitoka kimetulia, mabawa yanakuwa moshi na mawe ya nyuma yanakuwa mistari. Kati ya 600 zimetoka mbili. Moja ina jicho kama kichwa cha pini. Nimeipenda kuliko zote mpaka sasa na najua wateja hawataipenda, watasema imetikisika.

4 kati ya 12. Kwenye kurudi mlinzi mmoja wa sehemu fulani alinisimamisha anataka kujua napiga picha nini na lenzi ndefu namna hii. Nikamuonesha mnandi. Akaangalia nyingi, zaidi ya alivyohitaji, alafu akaniuliza harusi nafanya kwa shilingi ngapi.

Alhamisi, 13 Februari

Wazo lilikuwa langu, ujuzi wa kulitekeleza ulikuwa wa mzee. Kama jioni upepo unatoka ziwani na jua lipo ziwani, basi anayetakiwa kuhama ni mimi. Nikiwa kwenye mtumbwi, ndani ya ziwa, natazama nchi kavu, jua la jioni lipo mgongoni na upepo upo mgongoni, na wapiga mluzi ambao wanaondoka saa ya magharibi kwenda kula kwenye majaruba wataanza kwa kuja kwangu. Mzee akasema subiri mbalamwezi. Sikuelewa. Kumbe dagaa wanavuliwa usiku wa giza, taa inawaita, mwezi ukiwa mkubwa taa haina maana na mtumbwi unapumzika. Kwahiyo ratiba ya mradi wangu inaendeshwa na mwezi, sio na mimi.

Jana mwezi ulikuwa umejaa, leo tukatoka. Kasoro niliyosahau ni mawimbi. Upepo ule unaoleta bata unaleta na mawimbi, mtumbwi unapanda unashuka, lenzi haina kituliza. Shata inaua kutikisika, sawa, 1/2000 haijali, lakini haikusaidii kumuweka ndege ndani ya fremu. Nilichokuwa nacho kwenye fremu ni: maji, anga, maji, tete, anga, nusu bata, maji. Alafu wimbi likaingia, nikainua kamera juu kama mtu aliyewekewa bunduki, nikakalia mfuko wa pumba. Umelowa, umevimba, umechanika. Mzee hakusema neno, akaendelea kuchota maji na kopo.

4 kati ya 12. Begi sasa linakaa ndani ya ndoo ya rangi ya lita 20 yenye mfuniko.

Ijumaa, 14 Machi

Mwezi huu Kwaresma na Ramadhani zimekutana. Maana yake kwa mpiga picha wa harusi ni kwamba Wakristo hawaoi na Waislamu hawaoi, mfuko mkavu, muda upo tele. Wiki mbili hizi nimekuwa ufukweni kila asubuhi, nimepata mnandi anayekimbia juu ya maji uso kwa uso na yule ndege wa kahawia mwenye vidole virefu anayetembea kwenye majani ya yungiyungi, wawili wanagombana, vidole hewani kama wamerushiana viatu. Kwahiyo 6.

Leo mwezi umejaa tena. Tatizo, mzee amefunga. Magharibi ni saa moja hivi, na saa moja kasoro ndo bata wanaondoka. Nilisita hata kumuomba. Akasema tende na maji si vinabebeka? Tukabeba.

Tulifika mapema, saa kumi na moja na nusu. Safari hii hakuweka mtumbwi wazi, kaulaza nyuma ya mwamba mmoja, jiwe linakata wimbi, mbele yetu maji yametulia kama mita thelathini mpaka kwenye kile kiulimi cha mchanga walipolala. Nyavu zimekaa juu ya sitaha kama kawaida, kaniambia nisisimame na nisivae ile kofia. Bata wamezoea mitumbwi ya dagaa, hawajazoea kofia nyeupe. Nimepiga magoti ndani ya mtumbwi, lenzi kwenye ukingo, juu ya mfuko mpya wa pumba, maji yapo chini ya kidevu changu kabisa na sijaguswa na konokono hata mmoja.

Tukakaa. Mwanga ukashuka, ISO 800, 1600, 2500. Nikajishusha 1/1600. Niliwahesabu thelathini na nne, nusu wamesimama mguu mmoja, kichwa mgongoni. Saa moja kasoro robo mmoja akatoa kichwa. Akajikuna. Wengine wakaanza kunyoosha shingo, zile nyuso nyeupe zikawa zinawaka kwenye mwanga wa mwisho kama watu wenye poda. Mluzi mmoja, kimya, miluzi miwili. Mzee akaninong'oneza, wanaulizana. Mi macho yangu yalikuwa kwenye mmoja wa mbele, nimeweka nukta ya fokasi kwenye uso wake na kidole gumba hakitoki. Kichwa chake kikaanza kukataa.

Nikabonyeza. Wakatoka wote kwa mpigo, maji yakachemka, wakaja moja kwa moja juu ya mtumbwi, na sikuacha mpaka kamera ikajaa tumbo, na wakati inapumua walikuwa wanatupita juu ya vichwa, upepo wa mabawa ukanigusa shingoni, na hiyo hakuna picha yake.

Nyuma ya kiulimi cha mchanga, juu ya vilima, mwezi ukaanza kutokeza mwekundu. Nilikuwa nimeuota huo mwezi tangu Februari, bata mbele ya mwezi, jalada la kalenda. Bata walikuwa wameshaondoka. Pale mbele alibaki yangeyange mmoja tu, amesimama.

Adhana ilikuwa imeshasikika kwa mbali kutoka mjini. Mzee akafungua kile kimfuko, akala tende yake ya kwanza, akanywa, akanipa na mimi mbili. Nikawa napitia picha kwenye kioo huku mikono inanata. Fremu ya tisa: bata watano, wawili wamekatwa mabawa na ukingo wa fremu, mmoja hana fokasi, ila wa mbele yupo, mabawa chini, miguu bado haijakunjwa, matone yanaonekana moja moja, na kwenye jicho kuna nukta ndogo ya mwanga. Nikaikuza nikampa mzee. Akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Huyu ndo kakupa uso," akasema, akachukua kasia.

7 kati ya 12. Mbalamwezi ijayo ni katikati ya mwezi wa nne, masika itakuwa imechanganya, ninunue mfuniko mwingine wa ndoo, ule wa kwanza umepasuka.